Bi Hodi na Mifuko ya Mapazia

Bi Hodi hakuwahi kuingia mahali bila kubisha. Kwa mtu aliyelelewa hilo si ajabu, ila yeye alibisha hata kwenye mapazia ya wodi ya mahututi, kwa watu ambao pumzi zenyewe walikuwa wanavutiwa na mashine. Alisimama nje ya pazia, akashika ukingo wake kwa vidole viwili, akasema, "Hodi." Kisha akangoja. Ndani, mashine ilivuta na kushusha. "Hodi wenyewe," akasema tena, akangoja tena. Ya tatu ikipita bila jibu aligeuka akaenda zake, maana mgeni asiyekaribishwa haingii. Baadaye alirudi kuanza upya, kana kwamba ndiyo kwanza anafika mtaani.

Sista msimamizi wa wodi hiyo alikuwa mwanamke mpole wa arobaini na kitu, mwenye tabia ya kutazama dirishani kwa muda mrefu kuliko jambo lililokuwa nje. Ugomvi hakuujua. Lakini kumwona mtu mzima amesimama akisubiri kukaribishwa na mgonjwa aliyelazwa fofofo kwa dawa kulimpanda kichwani.

"Karibu, dada, ingia," aliitikia siku za mwanzo, ili mambo yaishe.

"Hodi si yako, sista."

"Huyu hawezi kujibu. Ana bomba shingoni."

"Najua. Nampa nafasi afikirie."

"Afikirie nini?"

"Kama ananitaka."

Sista alirudi mezani kwake akajiuliza kama yuko mtu yeyote, nyumbani au kazini, aliyewahi kumpa yeye nafasi ya kufikiria jambo kama hilo. Hakumpata, akaendelea kuhesabu glavu.

Kazi ya Bi Hodi iliitwa tiba-kazi, na hospitali nzima walioelewa maana yake hawakujaza benchi. Mlinzi wa geti alishawahi kumpelekea mpwa wake pamoja na vyeti, akidhani hapo ndipo watu wanapotafutiwa ajira. Mambo yenyewe yalikuwa hivi: mtu akilala mahututi, misuli humnyauka. Akizinduka hawezi kushika kijiko, hajui kama ni asubuhi au jioni, na kila anachofanyiwa anafanyiwa na mwingine. Bi Hodi alimfundisha upya kuketi ukingoni mwa kitanda, kushika kitana, kufunga kifungo, kujifuta uso. "Daktari ana moyo na mapafu," alisema. "Mimi nimebakiwa na vifungo."

Kwa miaka mingi alikuwa kwenye chumba kilicho nyuma ya dobi, akitengeneza magango ya kushikilia mikono iliyovunjika, akiomba aruhusiwe kuingia wodi ya mahututi. Mkuu wa wodi, daktari bingwa ambaye kila mtu alimwita Bingwa tu, na mwenyewe akiitika, alikuwa na jibu moja: "Hii si chekechea." Mwishowe alichoka kuombwa. Akamwita mbele ya sista.

"Raundi kubwa inakuja. Bodi nzima itakuwepo. Siku hiyo nataka mgonjwa mmoja, mmoja tu, ajifute uso kwa mkono wake mwenyewe mbele yetu. Akiweza, unabaki. Asipoweza, unarudi nyuma ya dobi na sitaki kukusikia tena."

"Nashukuru, daktari."

"Usinishukuru. Nimekuwekea mtego."

"Hata mtego una mlango," alisema Bi Hodi, akaenda kutafuta mkasi.

Mkasi ulikuwa wa mifuko. Stoo ilikuwa na rundo la mapazia ya kijani yaliyofukuzwa kazi kwa kupasuka, na Bi Hodi aliyashona kuwa mifuko yenye kamba, akaning'iniza mmoja ukutani juu ya kila kitanda. Aliwaambia ndugu wa wagonjwa: leteni kitu ambacho mkono wake unakijua. Kitieni mfukoni, fungeni kamba, msiniambie ni nini. Nitaufungua pamoja naye akizinduka. Mgeni hapekui mali ya mwenyeji.

"Mkono hausahau," alieleza. "Kichwa kinaweza kupotea, lakini mkono ukikutana na kazi yake ya zamani, unaamka wenyewe."

Hiyo ndiyo iliyokuwa imani yake, na aliishikilia kama mtu anavyoshikilia bomba la basi.

Vitanda viwili vilivyotazamana na dirisha vilikuwa na wagonjwa aliowatumainia. Kwenye kimoja alilala mwalimu mkuu mstaafu, mama mwembamba mwenye macho ya kumfanya mtu aangalie kama kachomekea shati. Kwenye cha pili alilala refa wa ligi za mitaani, mtu mnene ambaye siku za kazi alikuwa fundi mabomba. Mwana wa Mwalimu Mkuu, muuza vioo, alileta kitu akakitia mfukoni. Mke wa Refa naye akaleta cha kwake, wote wakiishia koridoni, maana ndugu hawakuruhusiwa ndani. Bi Hodi akairudisha mifuko ukutani bila kuchungulia, akaenda mapumziko yake ya mwisho wa wiki.

Akiwa huko, bomba la oksijeni la ukutani, upande wa Refa, likaanza kuvuja. Refa alihitaji oksijeni nyingi kuliko jirani yake, basi manesi wakafanya ambalo nesi yeyote angefanya: wakavihamisha vitanda, huyu huku na yule kule, na mashine zao, na faili zao, na chati zao za joto. Kila kitu kilihama. Mifuko ilibaki ukutani. Nani angefikiria mifuko?

Bi Hodi aliporudi aliona vitanda vimepishana, akadhani na mifuko imehama navyo, akabisha hodi kwa Mwalimu Mkuu, na safari hii kope zilicheza. Kwake hilo lilikuwa "karibu" ya kutosha. Akaingia, akashusha mfuko, akaufungua taratibu mbele ya macho ya mgonjwa. Ndani mlikuwa na filimbi, kadi ya njano na kadi nyekundu.

Bi Hodi alifurahi sana. "Kumbe ulikuwa mwalimu wa michezo!" Filimbi aliiweka mbali, kwani mwenye tundu shingoni hana pumzi ya kupuliza. Kadi ya njano aliiweka kiganjani mwa yule mama, akavikunja vidole vyake juu yake. Mwalimu Mkuu aliitazama kadi kwa muda. Kisha akamtazama nesi aliyekuwa akigonganisha mabeseni upande wa pili. Kidole gumba kikatikisika.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kwanza kadi iliinuka kutoka shukani kimo cha biskuti, kisha ikafika kifuani, kisha mkono mzima ukanyooka. Mtaalamu wa lishe alipewa ya njano kwa kucheka na simu. Mpiga picha za eksirei alipewa nyekundu moja kwa moja, kwa sababu alimwita "kitanda cha dirishani". Yule mama hakuweza kutamka neno, lakini wodi ilianza kutembea kwa adabu. Mfagizi mmoja, aliyekwishapata njano mbili, siku iliyofuata aligoma kuingia.

"Ingia ufagie," sista alimwambia.

"Nina njano mbili, sista. Natumikia adhabu."

"Adhabu ya nani? Aliyekuajiri ni hospitali!"

"Hospitali haijanitazama vile."

Ikabidi sista aende mwenyewe kitandani kumwombea rufaa. Mwalimu Mkuu alifumba macho, akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. Sista aliporudi alijikuta amefunga kifungo cha shingoni kama mtoto aliyetoka ofisini kwa mwalimu mkuu, na mwenyewe akajishangaa.

Kwa Refa, mfuko ulitoa nyuzi za rangi ya krimu na sindano ya kroshia. Bi Hodi alistaajabu kidogo, akasema ulimwengu ni mpana, akamwekea sindano mkononi. Refa naye alimtazama kwa macho ya mtu aliyepewa penalti asiyoiomba. Lakini alikuwa mgonjwa, na mgonjwa akipewa kitu anakishika. Akatia, akatoa, akafunga, akakoroga. Kilichotoka kilifanana na kiota cha ndege mwenye msiba. "Ni udhaifu wa vidole," Bi Hodi alimtia moyo. "Utarudi tu kwenye hali yako." Refa, ambaye hakuwa na hali ya kurudia, aliendelea. Hata alipotolewa bomba aliendelea bila kusema kitu, ulimi kautoa pembeni, na kiota kikaanza kuwa na pembe nne.

Siku moja kabla ya raundi kubwa, mke wa Refa aliruhusiwa kuingia ndani. Mpaka wakati huo alikuwa akimwona mumewe kwa mbali, kupitia kioo cha korido. Alifika mpaka kitandani, akasimama, akaweka mikono kichwani.

"Mama yangu! Mume wangu ameharibika ubongo!"

"Taratibu, mama," sista alisema. "Anaendelea vizuri sana."

"Vizuri gani? Anafuma!"

"Si ndicho ulichomletea wewe mwenyewe?"

"Mimi nilete uzi? Mimi nilileta filimbi na kadi! Huyu ni refa! Mtaa mzima wanamjua, wanamtukana kila Jumapili!"

Ukingo wa pazia la jirani ukasogea, mkono mwembamba ukatokeza, ukiwa umeinua kadi nyekundu kwa ajili ya kelele.

Bi Hodi aliitazama ile kadi, akautazama ukuta, akaitazama misumari ya mifuko. Akakaa kwenye ndoo ya taka iliyofunikwa, maana hapakuwa na kiti karibu. Sista hakuwahi kumwona vile. Uso ulikuwa umemshuka kama shuka lililolowa.

"Yule mama hajawahi kushika kadi maishani mwake," Bi Hodi alisema polepole. "Mkono wake haukukumbuka chochote. Sista, nimefundisha uongo."

"Lakini mkono unanyanyuka, dada."

"Unanyanyuka kwa sababu gani?"

Sista alimshika mkono akamwinua kutoka kwenye ndoo.

Bi Hodi alijaribu kurekebisha. Alikwenda kwa Mwalimu Mkuu, akabisha, akapewa ishara ya kuingia, akaomba radhi, akamwekea uzi na sindano mapajani. Yule mama aliuinua uzi kwa vidole viwili kama mtu anayeshika mkia wa panya, akaudondosha nje ya kitanda. Mkono ukarudi juu ya kadi ukatulia. Mwanawe muuza vioo, aliyekuwa amepigiwa simu, alifika akihema.

"Haiwezekani! Mama anapenda kufuma kuliko kitu chochote. Makochi yote nyumbani yamevaa vitambaa. Hata redio ina kitambaa. Tukimtembelea anafuma tangu tunaingia mpaka tunatoka."

Mama yake alifumba macho, akayafumba kwa nguvu.

Refa naye alipoletewa kadi zake za akiba kutoka nyumbani alizisukuma pembeni. Sauti yake ilikuwa bado ya kukwaruza. "Peleka huko."

"Mume wangu, ndiyo kazi yako hii!"

"Ndiyo maana," alisema Refa, akavuta uzi. "Miaka yote kelele tupu. Huku hakuna anayenizomea. Nikikosea, nafumua."

Jioni, kabla ya kuondoka, Bi Hodi alikwenda ofisini kwa Bingwa. Sista alimsindikiza mpaka mlangoni, na kwa kuwa mlango ulikuwa haufungi vizuri, alisikia.

"Daktari, mifuko ilipishana. Mgonjwa aliyepata nguvu amepata kwa kitu kisicho chake."

"Kwa hiyo, nadharia yako hiyo haifanyi kazi."

"Haifanyi."

"Na bado unataka kuja kesho mbele ya bodi."

"Nadharia haifanyi kazi, daktari. Mgonjwa anafanya."

Bingwa alicheka, kicheko cha mtu aliyeshinda karata kabla hazijagawiwa. "Uso wake, mkono wake. Hayo ndiyo makubaliano. Kadi sizitaki."

Raundi kubwa iliingia wodini kama arusi isiyo na ngoma: Bingwa mbele, madaktari nyuma yake, halafu wajumbe wa bodi waliovishwa makoti meupe ya kuazima, la mmoja limeandikwa "maabara". Walisimama kumzunguka Mwalimu Mkuu. Alikuwa ameketishwa kwenye kiti, mito kila upande, na mbele yake kimeza chenye beseni la maji ya uvuguvugu na taulo dogo. Bi Hodi alisimama nyuma kabisa, karibu na pipa, mikono ameifumbata. Alishakunja vitu vyake. Sista aliliona sanduku lake la vijiko na vifungo pale mlangoni, limefungwa kwa kamba.

"Haya," alisema Bingwa. "Futa uso."

Mwalimu Mkuu alimtazama.

"Taulo lile pale. Chukua, futa uso."

Hakuna kilichotikisika. Mjumbe wa bodi alikohoa. Bingwa aliinua mabega kuwageukia wenzake, na hapo mkono wa yule mama ukaanza safari. Ulipita juu ya beseni, ukalipita taulo, ukazama chini ya shuka. Ukatoka na kadi ya njano, ukainuka mpaka kimo cha pua ya Bingwa.

Wodi nzima ilizuia pumzi, isipokuwa wale wa mashine.

"Hii ni nini?" Bingwa aliuliza.

Mfagizi ndiye aliyejibu, kutoka koridoni: "Ya kwanza hiyo, daktari. Shukuru."

Sista alijikuta amesogea. Hakuwa na desturi ya kumsemesha Bingwa mbele ya watu. "Daktari," alimnong'oneza, "hujamsalimia."

Bingwa aliwatazama bodi, akaitazama kadi. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na zaidi, mwenye shahada ukuta mzima, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtoto wa darasa la tatu aliyechelewa.

"Shikamoo, Mwalimu."

Kadi ikashuka. Mwalimu Mkuu alilichukua taulo, akalichovya, akalikamua kwa mikono yote miwili mpaka tone la mwisho. Kisha, badala ya kulipeleka usoni mwake, akamwita Bingwa kwa kidole. Bingwa akainama, asingeweza kufanya vinginevyo. Yule mama akamshika kidevu kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akamfuta dawa ya meno iliyomkaukia pembeni mwa mdomo. Akamfuta paji la uso na jasho la mdomo wa juu. Akamvua miwani akamfuta chini ya macho, akairudisha miwani ikakaa sawa. Mwishowe akamgeuza kichwa huku na huku kukagua masikio, akaridhika, akalikunja taulo mara nne na kuliweka mezani.

Hakuna aliyecheka. Baadhi yao, sista aliona, walikuwa wakijifuta midomo yao wenyewe kwa siri.

Bingwa alinyooka. Uso wake uling'aa kama sahani. "Nilisema uso wake," alisema, lakini kwa sauti ndogo.

"Uso wako uko mbali zaidi na mkono wake, daktari," alisema sista.

Bingwa alijigusa kidevu kilichofutwa, akaitazama bodi. Mjumbe wa koti la maabara alikuwa ameanza kuandika kitu. "Mpeni kabati," hatimaye Bingwa alisema, bila kumtazama Bi Hodi, akaelekea kitanda kinachofuata, na sista alimsikia akisema mbele ya pazia, "Habari za asubuhi, mzee."

Katika hospitali ile mtu mwenye kabati hakuwahi kuhamishwa, kwa sababu hapakuwa na anayejua fomu ya kuhamisha kabati. Bi Hodi alibaki.

Mwalimu Mkuu alipopata sauti, jambo la kwanza alilomwambia Bi Hodi lilikuwa juu ya vitambaa. "Nilikuwa nafuma ili nisiongee nao," alisema. "Wanakuja Jumapili, wanazungumza habari za vioo." Refa naye aliondoka na mto wa kochi aliouvisha mwenyewe, na mkewe aliubeba mbele yake mpaka getini, ameunyoosha mbali na mwili kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe.

Imani ile ya mkono usiosahau Bi Hodi aliiacha palepale, na hakuipatia mrithi. "Sijui kitu," alimwambia sista. "Ila nimejua wa kutowauliza." Kuanzia hapo ndugu walipokuja na mifuko yao aliwauliza swali lingine: nyumbani, mlikuwa mnamkataza nini? Swali hilo lilizua vurugu zisizo na idadi kwenye korido. Mtoto wa bibi mmoja mwishowe alikiri kwamba mama yao alikuwa haruhusiwi kugusa gari. Ukaletwa usukani kutoka gereji, na bibi akaendesha kitanda kwa majuma, akipiga honi kwa mdomo kila nesi alipokatiza. Karani mmoja mpole aliletewa kufuli ili alifungue kwa pini, na polisi wawili waliokuja kumwona rafiki yao wakakaa kumtazama kwa heshima. Wengine hawakuamka. Kwao Bi Hodi alibisha hodi mpaka siku ya mwisho, akasimama nje ya pazia, akaondoka.

Alistaafu siku ya kawaida tu, bila keki. Sista alimbebea sanduku la vijiko mpaka geti la mbele, ambako mume wa sista alikuwa akingoja garini, redio ikitangaza hali ya hewa, kama alivyongoja kila siku ya ndoa yao. Walikubaliana wamsogeze Bi Hodi mpaka kituoni. Sista alikumbuka funguo za dawa mfukoni mwake, akarudi mbio wodini kuzikabidhi, akawaacha wawili hao garini. Hakukawia. Aliporudi alimkuta mumewe anatazama usukani, Bi Hodi anatazama mikono yake.

Kituoni Bi Hodi alishuka, akapokea sanduku lake, akaenda hatua chache. Halafu akarudi mpaka kwenye dirisha la upande wa sista, akainama karibu na sikio lake, akasema kwa sauti ya chini:

"Nimemuuliza mumeo, ukilazwa atakuletea nini mfukoni. Amefikiri sana, maskini, akasema yunifomu. Sista, nakuomba, usiugue."